Mishi na Mlango Uliokomewa

Mkono mmoja haulei mwana. Tangu mchana mmeisikia, na sasa mnataka kujua ni nani aliyeisema kwanza. Haya, sogeeni, nafasi ipo. Methali hii ilianza hivi.

Pangani ya zamani alikuwako mwanamke akiitwa Mishi, mke wa Shebe, fundi seremala. Aliposhika mimba yake ya kwanza alimwandama mkunga Bi Tatu kama kivuli. Nani asingemwandama? Mikono ya mama yule ilikuwa imepokea nusu ya mji, na hata siku moja hakujisifu. Alimfundisha Mishi kutembea kila asubuhi, kuchuchumaa, na kuvuta pumzi hadi chini ya kitovu.

"Uchungu ni mgeni," alimwambia. "Usimkimbie, usimtukane. Mkaribishe, atakaa, ataondoka, atakuachia mtoto."

Jirani ya Mishi, Chausiku, mdomo wa mtaa, akatangaza kwamba siku ya kuzaa Mishi atapiga ukelele usikike ng'ambo ya mto. Wapi! Mishi alijifungua asubuhi, amepiga magoti, amemkumbatia Bi Tatu shingoni, na sauti hakutoa. Mtaa ukastaajabu. Mwenyewe kichwa kikamvimba.

Kesho yake Bi Tatu alivuka mto kwenda Bweni kumzalisha mwingine. Wanawake wakaja kama ilivyo desturi, huyu na uji wa pilipili manga, yule na maji ya moto ya kumkanda mzazi. Wakakuta mlango umekomewa.

"Rudini makwenu," Mishi alisema kutoka ndani. "Kuzaa nimezaa kimya, kulea kutanishinda?"

Moyoni alikuwa na lake: hakutaka Chausiku aje kukagua nyumba yake na kumtia mwanawe jicho. Shebe alipofungua kinywa, aliambiwa aende akarande mbao zake.

Siku ya nne matiti yalikuwa magumu kama mawe. Mtoto alishika, akateleza, akalia, hata kilio kikawa cha kukwaruza. Tangu alfajiri winda lake lilikuwa kavu. Mishi alilipapasa mara ya tatu, bado kavu. Mtoto asiyekojoa hanyonyi, na asiyenyonya haishi.

Bi Tatu aliporudi alikisikia kilio kile akiwa bado kwenye baraza ya Chausiku. Akamshika Chausiku mkono.

"Inuka twende. Kunyonyesha wewe wakujua."

"Mimi? Juzi nimefukuzwa na uji wangu!"

"Ukifukuzwa leo, tutafukuzwa wote wawili."

Mishi alifungua mlango, uso umemvimba kwa machozi. "Bi Tatu, yote uliyonifundisha nimeyafanya."

"Nilikufundisha kumkaribisha mgeni. Mbona hawa umewafungia? Kaa, mnyonyeshe nikuone."

Mishi akashika titi, kichwa cha mtoto kikaanguka nyuma. Akashika kichwa, titi likaponyoka. Akajaribu vyote pamoja, mgongo ukamkata, akaguta kwa maumivu.

"Shoga yangu," Chausiku alisema, "mikono yako miwili kwa kazi hii ni mkono mmoja tu!"

Akaketi nyuma yake kitandani, akampa kifua aegemee, akapitisha mikono na kumgeuza mtoto, tumbo kwa tumbo na mamaye. Bi Tatu akalikanda titi kwa kitambaa cha moto, akakamua kidogo hadi likalainika.

"Ngoja... mwache afunue kinywa... haya, sasa!"

Kilio kikakatika. Kisha ikaja sauti ndogo: gu, gu, gu.

Mishi akalaza kichwa begani kwa Chausiku, akalia kwa sauti, kilio ambacho hakukilia siku ya kuzaa.

"Na hiki nitakitangaza," Chausiku alisema, huku akimpangusa kamasi.

"Tangaza," Mishi akajibu. "Na useme nimesema mimi: mkono mmoja haulei mwana."

Chausiku ni wa kuambiwa mara mbili? Kufika adhuhuri nyumba ilijaa hata Shebe akakosa pa kukaa, na kabla ya jua kuzama winda lilikuwa limebadilishwa mara nne. Bi Tatu alikaa pembeni akinywa uji, kana kwamba hakufanya lolote.

Mwaka haukwisha, binti wa mtaa wa pili akajifungua. Mishi akawa wa kwanza mlangoni kwake, sufuria kichwani.

"Ahsante dada, lakini naweza mwenyewe," binti alisema.

Mishi akaingia, akatua sufuria, akakunja mikono ya gauni.

"Najua unaweza, mwanangu. Lakini mkono mmoja haulei mwana."