Matanga ya Bi Pimbi

Hadithi tena. Maharage sijachambua, mgongo unaniuma, na nyinyi mmejipanga hapo kama kuku wanaongoja mtama. Jana mlitaka hii hii, mkalala kabla Kiboko hajaanza kulia. Haya, nitasimulia, lakini atakayesinzia ataosha vyombo. Na asiniulize mtu kwa nini wanyama walikuwa na majiko. Walikuwa nayo, basi.

Zamani hizo za kale, wanyama walipokuwa bado wanaezeka nyumba na kuteleka vyungu, palikuwa na bonde lenye chemchemi moja tu. Ilitoka chini ya mwamba, na juu ya mwamba aliishi Bi Pimbi na wanawe. Pimbi mnamjua? Kimnyama kama sungura aliyenyimwa masikio, mkia hana, miguu mifupi. Ukimwona unampita. Lakini sauti anayo. Bonde likipata msiba, yeye ndiye aliyeitwa kuongoza kilio, na alikiongoza hivi kwamba hata waliokuja kuonekana tu walijikuta wanapenga kamasi za kweli.

Upande wa chini alikaa Bwana Kiboko, Mshauri wa Maji wa Mfalme Simba. Huyu alikuwa amechimba mfereji kutoka chemchemini hadi uani kwake, kidogo kidogo, kama mtu anayeiba sukari ya mwenzake. Kwa mfalme alieleza kwamba mfereji ule ni wa kuyatunza maji yasipotee njiani. Na kweli hayakupotea. Yaliingia kwake yote, yakafanya bwawa zuri lenye mayungiyungi, na humo alilala mchana kutwa yeye na jamaa zake, chubwi, chubwi.

Simba hakujua. Hakuwa amekanyaga chemchemini tangu atawazwe. Kila asubuhi watu wa Kiboko walimpelekea mtungi umejaa pomoni, na yungiyungi limewekwa juu kwa urembo. Mtu anayeletewa mtungi mlangoni atajulia wapi kiu?

Kule juu mwambani kiu ilijulikana. Chemchemi ilianza kutoa maji ya mkondo, ikaja kutoa maji ya matone, ikaishia kutoa matope. Wana wa Bi Pimbi walikuwa wakiamka alfajiri kulamba umande kwenye mawe kabla jua halijaunywa.

Bi Pimbi alianza kwa adabu. Aliwakusanya wadogo wenzake, Mzee Kobe, Mama Digidigi, Kanga na wengine wa daraja hilo, wakafanya chama, wakaenda barazani kusema shida yao. Lakini baraza lile lilikuwa na namna yake: wakubwa mbele, wadogo nyuma, na wa nyuma hasikiki mpaka wa mbele wachoke kusema. Na Kiboko alikuwa na chama chake pia. Kiliitwa Marafiki wa Chemchemi. Wanachama ni yeye, Nyati na Ngiri, na kazi yao ilikuwa kukaa mbele na kuisifu chemchemi. Kila Bi Pimbi aliponyanyuka, Marafiki wa Chemchemi walianza kuiimbia chemchemi. Walipomaliza kuimba, mfalme alikuwa anakoroma.

Walirudi tena. Safari hiyo wakaambiwa mambo ya maji anayo Mshauri wa Maji, waende kwake. Wakaenda. Kiboko aliwakaribisha vizuri sana, akawatandikia mkeka, akawaeleza kwa upole kwamba maji yamepungua kwa sababu wadogo wanakunywa mara nyingi mno. Akawashauri wajizuie.

Halafu ikaja habari iliyomkosesha Bi Pimbi usingizi. Baraza lijalo, mfalme angetia unyayo wake na kuikabidhi chemchemi nzima kwa Marafiki wa Chemchemi, waitunze milele. Na wote wakaao juu ya mwamba wahame bonde, wasije wakaichafua.

Mzee Kobe akasema wafungashe. Kwake ilikuwa rahisi, nyumba anatembea nayo.  Bi Pimbi alikuwa anatazama midomo ya wanawe, imepasuka kama udongo wa kiangazi.

Mwishowe akasema, "Mzee Kobe, chemchemi hatuwezi kuibeba tukaipeleka barazani."

"Nani alisema tuibebe?"

"Basi baraza ndilo lije huku."

Kobe akamtazama kama unavyomtazama mtu mwenye homa. Akamuuliza wakubwa wale watakujaje, nao hata wakiitwa kwa ngoma hawaji.

"Watakuja kwa miguu yao, na watakuja mbio," akasema Bi Pimbi. "Wewe kazi yako ni majamvi. Tandika hapa, mbele ya chemchemi. Na atakayekuuliza chochote, mwambie akae kwanza."

Hapa nyoosheni masikio, maana bila hili hamtaelewa kitu. Bonde lile lilikuwa na desturi ya msiba isiyovunjwa na mtu. Kilio kikisikika, moto jikoni unazimwa. Kila mtu anakwenda, mkubwa kwa mdogo, na mfalme pia, maana asipotokea mfalme hakuzikwi. Tena ukifika huulizi nani amekufa. Kuuliza ni ufidhuli, utaonekana unapima kama marehemu anastahili machozi yako. Unakaa jamvini, unalia, ndipo unaambiwa. Na mfiwa, yule wa karibu kuliko wote, hufungwa kitambaa cha kaniki shingoni. Akishafungwa, haogi mpaka siku ya kuanua matanga, na shughuli yote ya marehemu inakuwa juu yake.

Asubuhi iliyofuata, kabla chai haijachemka mahali popote, Bi Pimbi alipanda juu kabisa ya mwamba, akavuta pumzi, akalia.

Wiiii! Wiii-wiii-wiiii!

Bonde lilisimama. Mama Nyumbu akamwaga maji kwenye moto. Nyani akaacha ugali umeshikamana na mwiko. Huku wanaulizana ni nani, nani, mwenye baba mgonjwa akikimbia mbele ya wote. Lakini wakifika, anayefungua mdomo anamkuta Kobe na neno lake moja: kaa kwanza. Wakakaa. Na kwa kilio kile cha Bi Pimbi nani angeweza kutolia? Muda si mrefu eneo zima lilikuwa linavuma kama mzinga wa nyuki.

Kiboko alifika akiwa bado anachuruzika maji. Njiani alikuwa ameambiwa kwamba Simba naye anakuja, tena kwa haraka. Akapiga hesabu kichwani: kama mfalme anatoka kwa haraka hivyo, marehemu lazima awe mtu mzito. Shangazi wa mfalme, labda. Mkwewe. Na Kiboko hakuwa mtu wa kukubali kupitwa kwenye msiba wa kifalme. Aliwasukuma watu, akafika jamvi la mbele, akajitupa chini, puu, vumbi likaruka.

Akaanza.

"Ewe uliyeninenepesha! Nani atanipa kama ulivyonipa wewe? Mchana ulinipa, usiku ulinipa, hukuninyima hata siku moja!"

Waliokaa nyuma wakaacha kulia ili wasikie. Kobe aliingiza kichwa chake ndani ya gamba, maana kicheko kilikuwa kinamjia na pale si pahali pake.

Bi Pimbi alishuka mwambani akamsogelea kwa heshima zote. Akamuuliza kwa sauti ndogo, "Pole, Bwana Kiboko. Kumbe mlikuwa karibu hivyo?"

"Karibu? Hakuna aliyekuwa karibu naye kama mimi. Nililala kwake."

"Watu wengine hapa wanasema wao ndio wafiwa."

"Waongo. Wote hao walikuja kwake kuomba tu. Mfiwa ni mimi."

"Haya, Bwana. Wewe ndiye mjuaji," akasema Bi Pimbi, na kitambaa cha kaniki alikuwa nacho mkononi tayari. Akamfunga shingoni, fundo la kwanza, fundo la pili. Shingo ile nene ilimpa kazi kidogo.

Ndipo Simba akaingia.

Alikuwa ametembea kwenye jua, jambo asilolizoea, na ulimi ulikuwa nje. Akakaa jamvini, akatoa machozi yake ya kifalme, mawili matatu, akanyoosha mkono. Mgeni wa msibani hupewa maji. Bi Pimbi akachota kwa kata pale pale chini ya mwamba, akampa kwa mikono miwili. Simba hakutazama. Akapiga funda.

Akatema. Mdomo wote mweusi, na viluwiluwi wawili wanarukaruka kwenye ndevu zake.

Hakuna aliyecheka. Nyinyi mnaweza kucheka, hamkuwepo.

"Umeninywesha nini, wewe?" akauliza Simba, na mawe yakatetemeka.

Bi Pimbi alikuwa anatetemeka pia, nisiwadanganye. Mdogo ni mdogo. Lakini alisimama palepale. Akajibu, "Maji, mfalme. Ndiyo yaliyobaki. Ndiyo tunayokunywa sisi."

"Na marehemu yuko wapi?"

"Umekaa mbele yake."

Simba akageuka. Akaona mwamba, akaona shimo la matope lililo dogo kuliko sinia lake la chakula, akaona mfereji mkubwa umetoka pale, umekata majani, umeshuka chini. Nyati akaropoka kwamba huu ni uzushi, wameitwa kulilia shimo, Bi Pimbi apigwe. Simba naye akanguruma kwamba amedanganywa mbele ya watu.

"Mfalme wangu, mimi sikutaja jina la mtu," akasema Bi Pimbi. "Mimi nimelia tu. Na nimelia kwa sababu chemchemi hii ndiyo iliyowanyonyesha wanangu, na sasa inakata roho. Kama si msiba, niambie jina lake nini. Jina la marehemu nililiacha kwa mfiwa. Huyo hapo. Muulize."

Macho yote yakamwangukia Kiboko. Kiboko alikuwa anahangaika na fundo la kaniki, na vidole vyake vile vinene kama miche ya sabuni haviwezi kufungua hata mfuko wa njugu.

Akasema hakujua. Akasema alidhani ni mtu mwingine. Waliokaa nyuma wakamweleza Simba maneno aliyolia nayo Kiboko, naye Simba akamuuliza Kiboko ni mtu gani mwingine aliyempa mchana na usiku, akamnenepesha, hata yeye Kiboko akalala kwake. Kiboko akarudi kwenye fundo lake.

"Mfalme," akasema Kobe, aliyekuwa ametoa kichwa nje sasa, "huo mfereji si mrefu. Hata mimi naweza kuufuata mpaka mwisho."

Wakaufuata. Mbele mfalme, nyuma bonde zima na vilemba vya msiba vichwani. Wakatokea uani kwa Kiboko, bwawani. Maji tele, maangavu, jamaa za Kiboko wamelala humo na matumbo juu. Na ukingoni mtumishi mmoja alikuwa anajaza mtungi wa mfalme, anachagua yungiyungi la kuweka juu.

Simba aliutazama mtungi ule. Alielewa. Wakubwa wakiona aibu yao hawaikubali, humkasirikia mtu mwingine, na siku hiyo mtu mwingine alikuwepo karibu, amefungwa kaniki. Mimi sisemi Simba aligeuka kuwa mwema. Nasema alikuwa amekunywa matope mbele ya watu, na mtu aliyekunywa matope husikia haraka.

Palepale akafuta habari ya kuikabidhi chemchemi kwa Marafiki. Akaamuru kwamba tangu siku hiyo neno lolote la maji lisisemwe barazani kwake mpaka kwanza likasemwe kule juu, jamvini, mbele ya shimo lenyewe, na wa kwanza kusema wawe wale wanaokunywa hapo. Na yeye mfalme atakuwepo, na atapewa kata. Marafiki wa Chemchemi wakawa hawana pa kuimbia. Ngiri alijitoa chamani siku ileile, akasema alikuwa anaitikia tu.

Somo ni moja, na silirudii: mkubwa asiyesikia kilio chako akiwa kwake, mfanye aje akae pale unapolilia.

Mnataka kujua Kiboko alilipa nini. Nilijua mtauliza, nyinyi mnapenda adhabu kuliko pilau.

Kiboko aliomba kaniki ifunguliwe. Bi Pimbi akamwambia kwa adabu, shikamoo yake mbele, kwamba desturi si yake wala si ya mfalme: kaniki hufunguliwa siku ya kuanua matanga, na matanga yataanuliwa marehemu akifufuka. Basi Kiboko akaufukia mfereji wake mwenyewe, udongo anaubeba kwa kinywa, jua linamchoma, na kuoga hakuruhusiwa. Ngozi ikakauka, ikapasuka, ikatoa jasho jekundu mpaka Mama Digidigi akamwonea huruma. Bi Pimbi hakumwonea. Alikaa juu ya mwamba anasuka ukili wa jamvi, anamwelekeza alikosahau kushindilia.

Maji yaliporudi mwambani, kaniki ikafunguliwa, na Kiboko akadhani amemaliza. Simba akamwambia bado. Majani yote ya kandokando ya maji, yale mabichi matamu, mchana yatakuwa ya wadogo, wayale washibe, wanywe bila kusukumwa. Yeye Kiboko atakaa majini huko chini, na kula atakula giza likishaingia, wakati wenzake wamelala. Na hicho ndicho alicholipa: alitoa mchana wake wote, na mpaka leo hajarudishiwa.