Kitovu cha Jemadari

Mkulima mmoja aitwaye Mwakamba alilima mahindi ukingoni mwa msitu wenye ngedere wengi, na hakuwahi kuamini kitu alichopewa bure. Mwaka ambao ngedere hawakumwachia hata gunzi, jirani yake Mama Saru, mjane, akamwita aje achukue mbwa. Mbwa wake alikuwa amezaa watoto wawili, dume na jike. Akamwambia achague amtakaye. Hapo ndipo Mwakamba alipoanza kushuku. Mwenye kitu kizuri hasemi chagua.

Jike hakumtaka kabisa. Jike angemjazia ua mbwa wa kijiji kizima, na siku ya kazi angekuwa na mimba. Basi akamwinua mmoja, akampindua tumbo juu, akaona kijinundu katikati ya tumbo, akaridhika.

"Mzee Mwakamba, hicho ni kitovu," alisema Mama Saru. "Dume ni yule pale."

Mwakamba akatabasamu kama mtu aliyemfumania mwizi. Kumbe mama huyu anataka kubaki na dume! Akamfunika mtoto wa mbwa kwa koti, akaondoka upesi kabla hajabadilishiwa. Nyumbani akamwita Jemadari.

Jemadari alikua, na kazi aliijua. Ngedere walishuka mara moja, wakampoteza mmoja wao, wengine wakabaki juu ya miti wakitukana kwa mbali. Misimu miwili ghala lilijaa. Kwenye mashine ya kusaga Mwakamba hakuwa na hadithi nyingine ila ya dume lake.

Mkewe, Mkawasi, aliyaona mambo. Aliona Jemadari akikojoa huku amechuchumaa. Mumewe akasema huyo ana adabu. Aliona mbwa wa kijiji wamejipanga nje ya ua kutwa. Mumewe akasema wamekuja kumwamkia mkubwa wao. Tumbo la Jemadari lilipovimba, Mwakamba akasema Mama Saru amemlisha kitu.

Asubuhi moja, mahindi yakiwa mabichi bado, ya kuchoma, Jemadari akazaa watoto watano chini ya ghala. Mwakamba akainama, akawahesabu. Kisha akaenda kuchukua kamba. Alitaka dume, akapewa jike kwa hila. Na mbwa aliyemficha jambo hilo misimu miwili, alikuwa akimficha nini kingine?

Mkawasi akamzuia kwenye lango la ua. "Baba Wakesho wee, hao ngedere walikuwa wakikimbia nini? Meno au kitovu?"

Mwakamba akampita. Akamfunga Jemadari kamba, akawatia watoto kikapuni, akawapeleka wote kwa Mama Saru na kuwatua mlangoni bila hata kupiga hodi. Mama Saru akawapokea, akampa mzazi uji.

Siku ya tatu ngedere walishuka. Kwanza alikuja mmoja, akatazama huku na huku, akakaa chini na kumenya hindi bila haraka. Kisha ukoo mzima. Mwakamba alipiga debe mpaka viganja vikatoka malengelenge. Mpakani, upande wa Mama Saru, hakuna ngedere aliyegusa hata jani.

Tangu siku hiyo hamsalimii Mama Saru. Husema yule mwanamke ni mwongo, ilhali kijiji kizima ni yeye peke yake aliyemwambia ukweli.

Na nyinyi mnaokaa kuchagua wa kuwalinda, wa kuwaongoza na wa kuwahubiria, huwa mnaanza kumtazama wapi?