Saumu na Tingatinga la Bustanini

Si zamani sana, kuku walikwisha kung'oka meno, tajiri Mbaruku alileta tingatinga kwenye Bustani ya Mikoroshini, mahali pekee mjini ambapo watoto walicheza bila kuhofia kugongwa na gari. Mkononi alikuwa na ramani yenye mihuri: miti yote ing'olewe, yajengwe maegesho ya hoteli yake.

Saumu, mfagiaji wa bustani, alisimama mbele ya tingatinga na mwanawe mchanga mgongoni.

"Binti, ondoka na ufagio wako," tajiri alisema.

"Naondoka, baba, ila mjukuu wako Nasri sijui utamwambia nini, maana ghorofani kwenu hakuna udongo, mkeo akanipa kitovu chake nikizike, nami nikaona wapi tena kama si hapa mtini. Atakayeung'oa mti huo, shauri yake."

Mbaruku alimpigia mkewe simu. "Ulimpa Saumu kitovu cha mtoto?"

"Nilimpa. Kwani kimefanya nini?"

Tajiri akajifuta jasho. "Ni mti upi? Tuuache huo, tung'oe mingine."

"Ndiyo tabu, baba. Siku ile mvua ilinyesha, na uzazi nao umeniibia kumbukumbu. Ni mmoja kati ya hii sitini."

Tingatinga liligeuzwa. Mwezi huohuo tajiri alileta mabomba ya kumwagilia, kisha bembea, na kila mti akautunza kama mjukuu.

Saumu alirudi kwake akaumwagilia mpilipili wake ulioota kwenye ndoo kuukuu mlangoni. Kitovu cha Nasri kilikuwa humo tangu siku alipopewa.