Fisi na Masinia ya Farasi

Paukwa!

— Pakawa!

Hadithi imebisha hodi!

— Ikaribie, mlango uko wazi!

Imekuja na Fisi nyuma yake!

— Fisi abaki nje!

Haya, abaki nje. Na huko nje ndiko alikokuwa siku zote, masikini, na huko ndiko roho yake ilikoanza kumuuma. Kaeni vizuri. Na wewe wa pale nyuma, acha kutafuna, utanisikiaje?

Hapo kale palikuwa na mji ukiitwa Shungwi, na mtawala wake alikuwa mwanamke, Mwana Mize. Mwana Mize alikuwa na moyo mkubwa na mkono mwepesi wa kutoa. Siku moja akaletewa zawadi kutoka ng'ambo: farasi. Watu wa Shungwi walikuwa hawajapata kumwona farasi. Punda walimjua, mbuzi walimjua, lakini huyu mwenye shingo ndefu na nywele za kuchana hawakujua anakula nini wala analala wapi. Mwana Mize akasema, "Mgeni ni mgeni. Huyu katoka mbali, lazima akirimiwe."

Akakirimiwa kwelikweli. Asubuhi halua, sinia zima. Mchana wali wa samli, sinia zima. Jioni tende na maziwa, sinia zima. Akajengewa banda lisilo na dirisha ili upepo usimpige. Akatandikiwa zulia. Akavishwa viatu vya fedha miguu yote minne. Na kila alfajiri na kila magharibi akafukizwa udi, fuu, fuu, fuu, mpaka ukiingia bandani huoni hata pua yako. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwana Mize alihesabu moja, akahesabu mbili, halafu akaanza tena moja.

Mlangoni aliwekwa Fisi. Ana nguvu, ana meno, nani atapita? Ujira wake ulikuwa mifupa. Na Shungwi walikuwa na sheria yao ya tangu mababu: kinachofia bandani ni cha mlinzi wa mlango. Kwa ajili ya sheria hiyo Fisi aliikubali kazi. Alimtazama Farasi, akayatazama mapaja ya Farasi, akasema, "Nitalinda."

Lakini kazi ile ilikuwa mateso. Sinia la halua likipita puani mwake, nyaa, likaingia ndani. La wali likipita puani mwake, nyaa, likaingia ndani. Fisi alibaki na mfupa wake mkononi, mfupa ambao jana ulikuwa umeshatafunwa na paka. Wivu ukamkaa kifuani kama mwiba wa samaki. Alimwonea Farasi wivu kwa chakula, akamwonea wivu kwa zulia, akamwonea wivu hata kwa zile nywele zake za shingoni, kwa sababu zilichanwa na mtu. Yeye Fisi tangu azaliwe nani alishika chanuo kwa ajili yake?

Siku zikapita, Farasi akaugua. Kwato zikawa za moto. Tumbo likawaka na kujaa kama ngoma iliyoanikwa juani. Akikohoa, kho! kho! kho!, ukuta unatikisika. Akalala chini, hanyanyuki.

Ungedhani sasa Fisi atafurahi. Alifurahi nusu. Kila asubuhi alichungulia ndani akauliza, "Amekufa?" Na Farasi mwenyewe akamjibu, "Bado." Lakini Mwana Mize naye alikuja kila asubuhi, akaketi chini kabisa na kanga zake nzuri, akampangusa Farasi uso huku akilia. Ile nusu nyingine ya roho ya Fisi ikachomeka. Yeye aliwahi kuumwa mwaka mzima na hakuna aliyemwambia pole. Hasidi hana sababu, jamani. Fisi alionea wivu hata ugonjwa!

Sasa, nyuma ya banda palikuwa na lundo la samadi, na kando ya lundo aliishi Kalunguyeye. Mnamjua? Kanyama kadogo, miiba mgongoni, kakishtuka kanajikunja, tup! kama chungwa. Chakula chake ni madundu, wale wadudu wa samadi, na madundu huja penye mavi ya Farasi. Lakini Farasi alikuwa hanyi. Farasi hanyi, madundu hawaji, Kalunguyeye hali. Kwa hiyo tusimsifu sana kwa huruma yake. Njaa ilikuwa imemfundisha uganga.

Akaenda kwa Mwana Mize. "Shikamoo, Mwana."

"Marahaba, Kalunguyeye."

"Mwana, mgeni wako anakufa kwa ukarimu. Mtoe nje. Ale majani, atembee, apigwe na upepo, ajigaragaze vumbini. Atapona."

Mwana Mize akakasirika mpaka ushungi ukaanguka. "Majani! Mgeni wangu mimi nimlishe majani? Nimlaze vumbini? Shungwi nzima itanisema nini? Labda hajashiba. Ongezeni halua!"

Ikaongezwa. Kalunguyeye akarudi nyuma ya banda, akamsikiliza Farasi akipumua kwa shida, akajua hazifiki siku tano. Akakaa akafikiri. Kisha akaenda mbele, akakaa karibu na Fisi kana kwamba hamwoni, akaanza kuimba. Mnaitikia, watoto:

*Farasi ana, Fisi hana,*
*Farasi anakula, Fisi anaona,*
*Meno ya nani, chakula cha nani?*

"Nyamaza!" akasema Fisi.

"Samahani, mjomba. Nilikuwa najiimbia tu. Kwani leo halua ina iliki?"

"Ina iliki," akasema Fisi, na mate yakamdondoka, to, to, to.

"Na yeye mgonjwa, hata hamalizi. Angekula mwenye meno."

Fisi hakungoja ubeti wa pili. Akaingia, akalivuta sinia, lapu! lapu! lapu!, akalilamba mpaka likang'aa. Farasi akanyanyua shingo. "Na mimi nitakula nini?"

"Mletee majani," Fisi akamwambia Kalunguyeye. "Yale makavu ya kule porini, yasiyo na samli wala sukari. Aone uchungu wa kukosa!"

"Mjomba, una roho mbaya," akasema Kalunguyeye, na akayaleta mbio.

Farasi akayala polepole. Kesho yake Fisi akala masinia yote matatu, na Farasi akala majani. Jioni likasikika jambo ambalo halijasikika bandani kwa siku nyingi, pu! pu! pu! Na madundu wawili wakaja. Kalunguyeye akawala huku macho ameyafumba.

Siku ya tatu akarudi mbele.

*Farasi ana, Fisi hana,*
*Farasi amevaa, Fisi anaona,*
*Miguu ya nani, viatu vya nani?*

Fisi akaitazama miguu yake, mikavu, ina matope. Akavikumbuka vile viatu vya fedha. Halua sasa ilikuwa yake, lakini hakuihisi tena tamu, kwa sababu vile viatu vilikuwa bado kwenye miguu ya mwingine. Akaingia, akauma misumari kwa meno yake, kra! kra! kra! kra!, akaving'oa vyote vinne, akajifunga navyo kwa kamba za kumbi. Akasimama. Vikambana. Akasema, "Vinanikaa vizuri sana."

"Na mimi nitakanyaga na nini?" akauliza Farasi.

"Kakanyage matope! Kalunguyeye, mpeleke pale kisimani penye tope baridi, asimame humo kama punda."

"Masikini, Farasi wa watu," akasema Kalunguyeye. Na Farasi akasimama kwenye tope baridi, na moto wa kwato ukaanza kutoka, kisha akarudi bandani kulala.

Siku ya nne haikuhitaji hata wimbo mzima. Kalunguyeye alianza tu, "Farasi ana," na Fisi akaruka kama aliyekanyaga kaa.

"Ana nini? Bado ana nini?"

"Ana zulia, mjomba. Ana udi. Ana chumba kisichoingia upepo. Lakini usinisikilize, hayo ni ya wakubwa."

"Na mimi ni nani?" Fisi akanguruma. Akamkamata Farasi kwa meno kwenye mkia, akamtoa nje. "Kalale uwanjani! Upepo ukupige! Jua likuchome! Vumbi likuingie mpaka masikioni!" Kisha akajitupa juu ya zulia na kujifunika shuka la Farasi gubigubi.

"Mjomba," akaita Kalunguyeye, "mlango umebaki bila mlinzi. Nikushikie?"

"Shika, shika, usinisumbue."

Kalunguyeye akaketi mlangoni.

Mwana Mize akaja na sinia la jioni. Moshi wa udi ulikuwa mzito, macho yakamtoka machozi. Akapapasa, akashika mgongo juu ya shuka. "Masikini, nywele zimekuwa ngumu hivi! Homa hiyo." Akanusa. Harufu ilikuwa ya kutisha. Akasema, "Ongezeni udi." Akampangusa Fisi uso, akamlilia. Na Fisi, watoto, alikaribia kufa kwa raha. Alikuwa amemwonea Farasi wivu kwa machozi hayo, na sasa yalikuwa yakimdondokea yeye.

Kule uwanjani Farasi alikula majani, akatembea, akala tena, akatembea tena. Akampata Punda wa wachota maji, wakasimama shingo kwa shingo wanakunana migongo kwa meno. Kikohozi kikaisha. Manyoya yakaanza kumeremeta. Na mavi? Pu! pu! pu! kila mahali. Madundu wakaja ukoo kwa ukoo. Kalunguyeye akanenepa mpaka akashindwa kujikunja.

Na ndani ya banda kwato za Fisi, ambazo si kwato, zikavimba ndani ya fedha. Tumbo likajaa. Moshi ukamkaba, kho! kho! kho! Asubuhi moja mlango ukafunguka kidogo, pua ndogo ikachungulia.

"Mjomba, umekufa?"

"Bado," akasema Fisi.

Asubuhi ya pili: "Mjomba, umekufa?"

"Bado."

Asubuhi ya tatu Fisi akashtuka. "Wewe! Kwa nini unaniuliza hivyo?"

"Naulizia haki yangu, mjomba. Kinachofia bandani ni cha mlinzi wa mlango. Mlinzi sasa ni mimi."

"Mdogo kama wewe utanila mimi?"

"Mimi sili fisi. Mimi nakula madundu. Lakini madundu wanapenda fisi aliyeoza."

Fisi akatetemeka mpaka viatu vikalia, kwe kwe kwe. "Nitoe humu!"

"Toka, mjomba, mlango uko wazi, sijaukomea hata siku moja. Ila ukitoka tu, nitamrudisha Farasi. Na sinia la halua lile kule linakuja. Leo lina lozi."

Fisi akautazama mlango. Akaliona sinia likija. Akamwona akilini Farasi akirudi juu ya zulia lile, akipanguswa uso, akililiwa. Moyo ukamwaka kuliko tumbo.

"Ngoja kwanza," akasema, "nimalize hili la leo." Akavuta shuka.

Ikafika siku ya mwaka mpya. Mwana Mize akaja na mji mzima, ngoma zinalia, amuage mgeni wake kabla hajafa. Wakafungua mlango wote. Moshi ukatoka, na nyuma ya moshi akaonekana Fisi, tumbo juu, viatu vya fedha miguuni, halua masharubuni. Watu wakashika vinywa. Kabla hawajavifungua, wakasikia nyuma yao, patapata! patapata! patapata! Farasi akaja mbio uwanjani, peku, manyoya yanang'aa, na Punda anamfuata kwa shida. Akasimama mbele ya Mwana Mize, akamwekea pua begani. Mwana Mize akalia mara hii kwa furaha.

"Nani amemponya mgeni wangu?"

Kalunguyeye akajikunja kwa adabu, kadiri unene ulivyomruhusu. "Ni Fisi, Mwana."

"Fisi?"

"Ndiye aliyemnyang'anya halua. Ndiye aliyemvua viatu. Ndiye aliyemfukuza bandani. Mwana, bila wivu wa Fisi leo tungekuwa matangani."

Na huo ulikuwa ukweli mtupu, hata Fisi mwenyewe hakuweza kuukana. Mwana Mize akamgeukia kwa moyo wake ule mkubwa. "Kumbe tulikuwa na mganga na hatukujua! Basi kuanzia leo banda ni lako, zulia ni lako, udi ni wako. Na masinia matatu, nayaongeza yawe sita. Utakaa hapa mpaka mwisho wa siku zako."

"Si mbali," akasema Kalunguyeye kwa sauti ndogo.

Watu wakampigia Fisi makofi. Alichokitaka chote alikuwa nacho: halua, fedha, zulia, machozi, na sasa sifa juu yake. Lakini hakuwa anawasikiliza. Alikuwa anatazama nje. Farasi alikuwa amejilaza pale uwanjani, anajigaragaza, garagara, garagara, miguu hewani, vumbi linapaa, na Punda anangoja zamu ya kumkuna.

Fisi akainuka juu ya miguu yake iliyovimba. Machozi yakamlengalenga.

"Hata vumbi!" akasema. "Hata vumbi mmempa yeye!"

Akatoka. Akapita katikati ya watu, viatu vikimdondoka kimoja kimoja, kwe, kwe, kwe, kwe, akaenda kujitupa vumbini. Na hilo ndilo lililomwokoa. Lakini miguu ya nyuma haikunyooka tena, ndiyo maana mpaka leo Fisi anatembea ameinamisha makalio.

Farasi naye hakusahau wema. Fadhila ya punda ni mashuzi, wanasema. Fadhila ya farasi ni kubwa zaidi, na Kalunguyeye huipokea kila asubuhi, ikiwa bado ina mvuke.

Basi fundisho, watoto wangu, lishikeni: mwenzenu akiugua, msimpelekee pole wala chakula. Mwoneeni wivu. Mkimwonea wivu barabara, bila kuchoka, atapona.

Hadithi yangu ilikuwa ndani, sasa imetoka nje, imejikung'uta vumbi. Ikiwa tamu, tugawane.

— Na ikiwa chungu?

Mwekeeni Fisi kwenye sinia la mwenziwe. Ataimaliza.