Sauti ya Pili

Mama mmoja mjane alikuwa na mabinti wawili, na mabinti hao walikuwa na wimbo mmoja. Mkubwa aliitwa Atuganile, mdogo Subilaga. Tangu utotoni, wakipanda viazi kwenye mteremko nyuma ya nyumba, mama aliwagawia sauti kama alivyowagawia majembe. Mdogo alipewa sauti ya kwanza, ile nyepesi ambayo msikilizaji huondoka nayo mdomoni. Mkubwa alipewa ya pili, inayopita chini ya ile ya kwanza na kuibeba. Hakuna aliyewahi kutembea njiani akiimba sauti ya Atuganile. Lakini Subilaga alipopanda juu mno, ile sauti ya dada ndiyo iliyompokea, naye alizoea kupokewa hata akasahau kwamba yupo anayempokea.

Wakakua. Atuganile akaolewa kijiji cha jirani, akalima na kufuga. Subilaga akahamia mjini akawa anatunga nyimbo, na nyimbo nzuri kwa kweli, siwezi kumnyima haki yake: kiitikio chake ukikisikia asubuhi, jioni bado unacho. Hakuwa na kampuni ya kumsimamia. Alimpata prodyuza mmoja mpole, mtu mzima, aliyekuwa amepigilia magodoro kwenye kuta za chumba chake cha kurekodia, wakapanga kutoa albamu ya nyimbo tisa. Subilaga akamwita dada yake, kwa kuwa hakujua kuimba bila yeye. Jumamosi tatu Atuganile alishuka kutoka milimani, akavua viatu vyenye tope mlangoni, akaimba sauti ya pili ya nyimbo zote, kisha akawahi kurudi kwake kukamua ng'ombe.

Hapo ndipo kosa lilipoingia. Atuganile alikuwa na desturi aliyoitoa kwenye kwaya: alimngoja kwanza mdogo wake aanze, ndipo akamfuata, nusu ya pumzi nyuma. Kanisani watu walilipenda jambo hilo. Kwenye kompyuta ya prodyuza lilionekana kwa macho, mistari miwili isiyolingana, na Subilaga akaona aibu. Akaonyeshwa kwamba mashine inaweza kuichukua sauti yake mwenyewe ikiimba ya kwanza, ikiimba ya pili, hata ya tatu, na kuzipanga zote zikanyooka. Waliokuwa wakipita dirishani walishaanza kumsifu, na mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Akasema za dada zifutwe. Prodyuza akauliza kama aziweke pembeni, huenda zikahitajika. Akasema hapana, zifutwe kabisa, maana aliujua moyo wake, kwamba zikibaki atazirudisha. Wala hakumwambia dada yake kitu.

Albamu ikatoka, ikapendwa. Siku ya kuizindua katika ukumbi wa usharika, Atuganile alikuja amevaa kitenge kipya. Kwenye kiitikio cha kwanza tu alielewa. Subilaga alikuwa akimwangalia kutoka jukwaani, akaona jinsi uso ule ulivyosimama kidogo, ukatabasamu, kisha mikono ikapiga makofi pamoja na ya wengine. Baadaye Atuganile alimpongeza, akasema nyimbo zimetulia sana, akaenda kusaidia kupakua wali. Hakulalamika siku hiyo wala siku nyingine. Subilaga akakichukulia kimya kile kuwa ndio msamaha. Akajiahidi kwamba albamu ya pili ataimba na dada yake, na ahadi hiyo ilimpa usingizi mzuri.

Masika yaliyofuata Atuganile alishikwa na homa ya mapafu, na siku ya nne akafariki.

Wakazika. Siku ya tatu ya matanga, nyumba ikiwa imejaa ndugu, mtu mmoja kwa nia njema kabisa alileta spika, akaiweka ile albamu ili wamsikie marehemu. Wanawake wakalia. Wakaambiana wasikilize, ndiye huyo anayeitikia kule chini, ndiye kabisa. Subilaga alikuwa amekaa mkekani katikati yao. Mama akaomba spika isogezwe karibu yake, akainamisha sikio, akasikiliza nyimbo zote tisa bila kutoa chozi. Wageni wangeweza kudanganyika, lakini sauti zile yeye ndiye aliyezigawa. Wimbo wa mwisho ulipokwisha, alimgeukia binti aliyembakia, akasema polepole ili watu wasisikie:

"Humu uko peke yako, mwanangu. Mwenzako umemweka wapi?"

Kesho yake Subilaga alipanda basi la kwanza akaenda kwa prodyuza. Mtu yule alitafuta tangu asubuhi hadi adhuhuri, akafungua kila mahali anapoweka kazi zake, asikute hata pumzi. Alikuwa amefuta vizuri, kama alivyoagizwa. Subilaga akakaa chini kwenye sakafu ya chumba kile akalia, na magodoro yakakimeza kilio chake chote.

Nyimbo zile bado zinaimbwa. Wachuma chai wanaziimba, wasusi saluni wanaziimba, na wote wanaimba sauti ya kwanza. Subilaga akizisikia hubadili njia, kwa sababu katika kila kiitikio anajisikia akijijibu mwenyewe. Naye mama, akimenya viazi jikoni, hujaribu kuiimba sauti ya pili peke yake ili isipotee. Mwanzoni aliikumbuka yote. Sasa kuna mahali akifika anakwama, anarudi nyuma, anajaribu tena, kisha anaacha. Subilaga akija nyumbani husimama nje ya mlango akisikiliza. Angeweza kuingia na kuishika ya kwanza, pengine mama angeiona njia. Lakini hathubutu, na mama hajawahi kumwita.

Basi nawauliza, ninyi mlioketi hapa: ni nani kwenu anayewabeba, na ni lini mara ya mwisho mlinyamaza ili mumsikie?