Shanga Nyekundu za Saumu

Hapo zamani, na si zamani sana kwa kuwa kliniki zilikuwa zimeshaanza kupima mlango wa kizazi, aliishi Saumu na mumewe Nassoro. Kungwi wake, Bi Mize, alikuwa amemfunda hivi: ukiwa katika siku zako, tundika shanga nyekundu kitandani. Ukitoharika, tundika nyeupe. Mume ataona, hatauliza.

Siku moja Saumu akapimwa. Muuguzi akamwambia mbele ya foleni, "Una kirusi cha HPV, kile cha mlango wa kizazi. Hupatikana kwa kulala na mtu." Kisha akaita mwingine. Wanawake wa kwenye benchi wakatazama miguu yao.

Saumu akarudi nyumbani, akatundika nyekundu. Akioga alijisugua kama anayetoa masizi kwenye sufuria. Mwezi ukaandama, nyekundu. Mwingine ukaandama, nyekundu. Nassoro akaona, hakuuliza. Akahamia kwenye mkeka wa ukumbini.

Bi Mize akaja kusalimu, akaingia chumbani, akaziona shanga.

"Mwanangu, damu gani hii isiyokwisha? Umefungua bucha?"

Saumu akacheka, halafu akalia, akasema yote. Bi Mize akamshika mkono mpaka kliniki.

"Haya, mweleze tena," alimwambia muuguzi. "Safari hii maliza."

Muuguzi akawafungia mlango. "Nisamehe, dada. Kirusi hiki wengi tunakipata. Hukaa kimya hata miaka, hakisemi kimetoka kwa nani. Mara nyingi mwili hukiondoa wenyewe. Utarudi kupimwa. Mumeo si mwiko."

Jioni Bi Mize akamrudisha nyumbani, na Saumu akamweleza Nassoro chumbani, macho sakafuni.

"Nilidhani umenikinai," Nassoro akasema. "Labda hicho kirusi nimekuletea mimi, tangu kabla sijakuoa. Ngoja nizitoe hizo shanga."

"Ziache, baba," Bi Mize akasema kutoka mlangoni. "Mimi nilimfundisha kuzitundika, na mimi ndiye niliyegundua. Nitazitoa mimi."

"Mimi nimelala mkekani, bibi. Sikununa, sikutafuta mwingine."

"Wala hukuuliza."



"Nilizitundika mimi," Saumu akasema polepole. "Nizitoe mimi. Ila nikiunyanyua mkono, naliona lile benchi."

Wote watatu wakasimama pale, kitanda kimetandikwa, shanga zinaning'inia.

Je, ninyi mnaonisikiliza, nani alistahili kuzitoa: kungwi aliyegundua, mume aliyevumilia, au Saumu, ambaye mkono ulikuwa bado haujanyanyuka?