Hasidi Kwenye Kiti cha Mwamuzi

Wamesimulia waliotutangulia, nasi twasimulia kama tulivyopokea, kwamba zama zile Waingereza walipohamia Amerika palikuwa na mji mdogo wa wachamungu, na ndani yake fundi mapipa mmoja jina lake Obadia. Mtu wa sala, mtu wa saumu, hasemi uongo, hapunji. Lakini moyoni alikuwa na donda, na donda lenyewe ni jirani yake Yothamu.

Naye Yothamu alikuwa fundi mapipa vilevile. Alikuja nyuma, akajenga ubavuni pake, na haukupita mwaka wateja wakawa wanaupita mlango wa Obadia kana kwamba hawauoni. Kisha ukafika uchaguzi wa mjumbe wa mji. Desturi yao ilikuwa kutia chunguni mwa mtu punje ya mahindi ukimtaka, na haragwe ukimkataa. Chungu cha Yothamu kilipomiminwa, mahindi matupu. Cha Obadia, ndugu zangu, kilitosha kupikia maharage nyumba nzima.

Tangu siku hiyo kijicho kikazidi. Akatoboa kitundu kwenye ubao wa ua, na kila apatapo nafasi hutia jicho hapo: Yothamu amekula nini, amecheka na nani, mkewe amemwitaje. Hasidi hana sababu, mwajua. Wala msimcheke sana, maana kila mmoja wetu ana kitundu chake.

Basi mji ule ulikuwa chini ya liwali wa mfalme wa Uingereza. Liwali akatoza ushuru bila kuwauliza wajumbe. Yothamu akasimama barazani akasema kwa adabu kwamba baba zao kule kwao hawakulipa ushuru ambao wajumbe wao hawakuuridhia, na kuvuka bahari hakujawafanya watumwa. Haikupita wiki, ghala la liwali likaungua mchana kweupe. Mtumishi wa liwali akaapa kwamba alimwona Yothamu akikimbia. Yothamu akatiwa ndani, na adhabu ya kosa lile ilikuwa kitanzi.

Liwali alitaka kuikata kesi peke yake, siku ileile. Watu wakakataa. Wakamkumbusha kwamba mababu zao Uingereza walimbana mfalme hata akatia muhuri hati, kwamba mtu huru hafungwi wala hadhuriwi ila kwa hukumu ya watu walio sawa naye. Liwali akauma meno, akakubali. Wakaitwa waamuzi kumi na wawili, wote majirani. Siku hizo jirani aliitwa kwa sababu anayajua mambo ya pale, na alichokijua aliweza kuwaambia wenzake. Wa kumi na mbili akawa Obadia.

Sasa, mshtakiwa alikuwa na haki ya kumkataa mwamuzi kabla hajala kiapo. Na kijicho cha Obadia kilikuwa kinajulikana mji mzima. Mehetabeli, mke wa Yothamu, akamkonyeza mumewe amkatae. Yothamu akamtazama jirani yake, akasema:

"Simkatai. Bwana Obadia hanipendi, lakini sijapata kumsikia akisema uongo."

Maneno hayo yalimchoma Obadia kuliko tusi. Akawaza, hata kwa wema lazima anipite!

Tena alikuwa na jambo. Saa ile moshi unapanda, jicho lake lilikuwa kitunduni, na Yothamu alikuwa uani kwake, amepiga magoti, anafunga pipa pete. Obadia alilijua hilo tangu siku ya kwanza, akanyamaza wiki sita, mpaka siku ya kesi. Alijiambia kwamba hakuna aliyemuuliza. Tazameni shetani anavyompa mtu hoja iliyonyooka.

Waamuzi wakafungiwa chumbani. Sheria yao ilikuwa kali: hakuna chakula, hakuna maji, hakuna moto, mpaka wote wawe na neno moja, na ilikuwa majira ya theluji. Mkuu wao, Mzee Hezekia, akauliza mmoja baada ya mmoja. Walimwogopa liwali, na shahidi hakuwa na wa kumpinga, basi kumi na mmoja wakasema ana hatia. Ikabaki zamu ya Obadia. Aseme neno moja tu, na mlango ule wa jirani hautafunguliwa tena.

Akiitikia, amemuua mtu kwa kiapo cha Mungu. Akisema kweli, lazima aseme alikuwa anafanya nini pale uani, yeye Obadia mtu wa sala, mbele ya wanaume kumi na mmoja. Aibu ile aliiogopa kuliko alivyomwogopa liwali. Mwisho akasema, na machozi yakimtoka:

"Wazee wangu, si yeye. Nimetoboa ua wangu, na kila siku namchungulia kwa kijicho. Ghala likiwaka nilikuwa namwona kwa macho haya, yupo kwake, anafanya kazi."

Hakuna aliyecheka. Mzee Hezekia akamwuliza mbona alinyamaza muda wote huo.

"Nilitaka afe," akasema. "Na hata sasa moyo wangu nusu unataka. Ndiyo maana nasema upesi, usije ukanishinda."

Wakageuza neno lao. Liwali aliposikia kwamba Yothamu hana hatia alifoka, akawarudisha chumbani na njaa yao siku mbili nyingine. Mmoja akazimia. Walipotolewa walisema lilelile, na liwali hakuwa na njia, akamwachia Yothamu.

Watu wakambeba Yothamu juu juu. Yaliyosemwa chumbani yalikuwa siri ya kiapo, kwa hiyo hakuna aliyejua. Mehetabeli akasimama mlangoni akawashukuru waamuzi kwa majina, mmoja mmoja, hata kumi na mmoja. Obadia alipopita, midomo imepasuka kwa baridi, mama yule akageuza uso. Alidhani ndiye aliyewachelewesha wenzake kwa kutaka mumewe anyongwe.

Na kijicho kikampanda Obadia palepale, kilekile, kibichi. Angeweza kuvunja siri, naye pia akashangiliwa. Hakuivunja. Alikwenda zake nyumbani, akapiga magoti, akasema: "Ee Mola wangu, kijicho sijakishinda. Nilichokishinda ni ulimi tu. Nipokelee hicho kidogo."

Ndugu zangu, wajukuu wa watu wale waliiandika haki hiyo katika sheria kuu ya nchi yao, kwamba mtu ahukumiwe na wenzake. Ni maandishi mazuri. Lakini wenzake hao ni nani, kama si sisi, na hivi tulivyo? Mola atujaalie siku tutakapokalishwa kumwamulia tusiyempenda, tuseme tulichokiona.